Nani Aogopwe? Filamu za Kutisha Chini ya Mlima Meru

Kati ya mwaka 1960 na 1961, Tanganyika ikiwa ukingoni mwa uhuru, msafara wa watengenezaji filamu wa Kimarekani ulipiga kambi nje ya Arusha, katika mbuga na mashamba ya Momella, upande wa mashariki wa Mlima Meru. Mwongozaji alikuwa Howard Hawks na mchezaji mkuu John Wayne. Filamu ilipotoka mwaka 1962 ilipewa jina la neno moja tu la Kiswahili na alama yake ya mshangao: Hatari! Mabango yakatundikwa katika miji ambayo watu wake hawakupata kuisikia lugha hii, nao wakalitamka neno kabla ya kuijua maana yake.

Hatari! si filamu ya kutisha. Ni hadithi ya wakamataji wanyama, yenye mapenzi na vichekesho na watoto wa tembo. Vifaru wanaoyavamia magari, hata hivyo, hawakufundishwa kuigiza, na wachezaji wenyewe walishiriki kuwakamata, kwa hiyo mna humo mashaka ya kweli. Lakini anayeitazama leo akiwa na jicho la mpenzi wa vitisho hujikuta akiuliza: humu nani anaogopa, na anaogopa nini? Mgeni anamwogopa kifaru, na kifaru anamwogopa mgeni. Wenyeji wa mlima hawakupewa nafasi ya kuogopa chochote. Wamo kama miti ilivyomo. Na ilhali miaka kumi tu kabla ya hapo, mwezi wa Novemba 1951, pale pale jirani, Engare Nanyuki, serikali ya kikoloni iliwatoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ili igawiwe walowezi. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuueleza Umoja wa Mataifa yaliyowapata watu wake. Kamera za Hollywood zilipofika, majivu yalikuwa yameshapoa, na hakuna aliyeyaulizia.

Kisa hicho chafaa kutangulia mazungumzo yoyote juu ya filamu za kutisha mjini Arusha. Wapenzi wa filamu hizo, wanapopeana majina ya zile zinazostahili kutazamwa, aghalabu huulizana jambo moja: inatisha kiasi gani? Damu ni nyingi? Usingizi utakuja? Ni maswali ya halali, lakini ni ya mlangoni. La ndani ni jingine. Kila filamu ya kutisha humwonyesha mtazamaji kwa kidole nani wa kuogopwa. Ziko zinazomfanya amwogope muuaji, na ziko zinazomfanya amwogope anayeuawa. Za mwanzo zinastahili kupendekezwa hata zikiwa za kuchafua roho. Za pili hazistahili, hata zikiwa zimetengenezwa kwa ustadi wa kupigiwa mfano. Na Arusha, kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki, iliwekwa mahali pa kuiona tofauti hiyo kwa macho.

Katika enzi ya majumba ya senema Arusha ilikuwa na Metropole, kama Unguja ilivyokuwa na Majestic, Empire na Cine Afrique. Filamu za Kihindi, za Kimarekani, za Kitaliani, na baadaye za karate za Hong Kong, zilizunguka kutoka mji hadi mji, na kwa kuwa wasambazaji hawakuwa wengi, yamkini aliyeketi Arusha na aliyeketi Mji Mkongwe walishtushwa na mkanda ule ule kwa majuma tofauti. Mambo yakageuka miaka ya 1980 kanda za video zilipoenea. Unguja ilikwishakuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970; Bara haikupata kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Katika pengo hilo kikaota kibanda cha video: chumba cha mbao au mabati, mabenchi, pazia zito la kulizuia jua, televisheni moja iliyoinuliwa juu, na nje ubao mweusi wenye majina ya filamu za siku hiyo kwa chaki. Ngarenaro, Kaloleni, Unga Limited, kote vilikuwako. Majumba makubwa yakafa moja baada ya jingine, lakini watazamaji hawakufa. Walihamia kwenye benchi. Na benchi liliibadilisha hofu yenyewe. Katika senema kubwa mtu huogopa peke yake gizani. Kibandani mabega yanagusana, mmoja akishtuka benchi zima hutikisika, na kicheko hukifuata kishindo papo hapo.

Kibanda kilileta pia fani ambayo wapenda lugha hawajaitendea haki, nayo ni fani ya msimulizi wa filamu. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, au ya Kichina, au ya Kiigbo. Watazamaji walitaka Kiswahili. Akatokea mtu mwenye kipaza sauti, akawa anasema juu ya sauti za wachezaji. Maarufu miongoni mwao alikuwa Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye kanda alizozisimulia zilinunuliwa hata nje ya mji wake. Kenya walimpata DJ Afro, na Uganda wakawa na wasimulizi wao kwa Kiganda. Kazi hiyo imewahi kufananishwa na kuugeuza wali mtupu ukawa pilau: mchele ni ule ule, viungo ni vya mpishi. Mfasiri wa vitabu atakunja uso, kwani msimulizi huongeza methali isiyokuwamo, humpa mhusika jina la mtaani, na hutangaza kitakachotokea kabla hakijatokea. Lakini alikuwa na taabu moja ambayo mfasiri yeyote anaitambua. Viumbe vya hofu havina visawe. Vampaya wa Ulaya aitweje? Akiitwa mnyonya damu, msikilizaji wa pwani ameshafika kwa mumiani, na mumiani hana jeneza wala meno marefu. Ana gari na sindano. Zombi akiitwa msukule, hadithi nzima imegeuka. Zombi wa Hollywood ya leo hula watu. Msukule hamli mtu. Ni mtu aliyedhaniwa kufa, kumbe kafichwa na mchawi, na usiku hulima shamba la mwingine.

Wala msimulizi huyo hakuzuka na video. Waarusha husema Kimaa, na hadithi za Kimaa zilizokusanywa na A. C. Hollis katika kitabu chake cha mwaka 1905 zina mazimwi walao watu wa kutosha. (Hollis huyo ndiye aliyekuja kuwa Balozi wa Kiingereza Unguja katika miaka ya 1920, mazimwi hakuyaacha mbali sana.) Kabla yake, mwaka 1870, Askofu Edward Steere alikuwa ameshachapisha London hadithi alizozisikia Unguja, na miongoni mwake imo ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anakula mifugo, mmoja baada ya mwingine. Watu wanashitaki, na Sultani hataki kusikia, kwa kuwa paka ni wake na kilicholiwa pia ni chake. Paka anazidi kukua hadi anakuwa nunda, mla watu, na wana wa Sultani wenyewe wanaliwa. Mpenzi wa filamu za kutisha asiyeijua hadithi hii ameikosa iliyo bora kuliko nyingi alizozitazama. Nunda anatisha, lakini msikilizaji akilala usiku anamfikiria Sultani.

Hofu ya namna nyingine, isiyo na adui hata mmoja, iko katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Shairi hilo huingia katika majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na sahani za thamani, likayakuta ni makao ya popo na ndege wa mwituni, kisha likateremka kaburini. Aliyelihariri na kulichapisha mwaka 1939, William Hichens, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika, naye miaka miwili kabla alikuwa ameandika makala juu ya wanyama wa ajabu wa Afrika, akimtaja mngwa, ndiye nunda huyo huyo. Bila shaka mtu mmoja aliweza kuipenda hofu ya namna zote mbili. Anayeipenda Al-Inkishafi atafutiwe Nosferatu, filamu bubu ya F. W. Murnau ya mwaka 1922, kwani huko pia nyumba tupu, kivuli ukutani na mlango unaojifungua vinafanya kazi ambayo maneno hayangeifanya. Lakini atazame na macho yawe wazi. Nosferatu ni mgeni atokaye mashariki kwa merikebu, na anapoteremka anateremka na panya na tauni. Ni filamu nzuri ajabu, na kidole chake kinamwelekea mgeni. Wajerumani wa miaka iliyofuata hawakuhitaji kufundishwa zaidi.

Kwa upande wa misukule, ya kuanzia ni White Zombie ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Victor Halperin. Uigizaji wake ni wa kizamani na maneno yake mengine huchekesha pasipotakiwa. Ila mna kipande kimoja ndani ya kinu cha miwa, nchini Haiti, ambapo wafu wanasukuma gurudumu bila kusema, mmoja anaporomoka ndani ya mashine, na kazi haisimami. Wakati filamu hiyo inatoka, Haiti ilikuwa chini ya majeshi ya Marekani, yaliyoingia mwaka 1915 na kutoka 1934. Msikilizaji wa Kiswahili anayejua msukule ni nini hahitaji kufafanuliwa kipande hicho. Anaona shamba, anaona watu wasiolipwa, anaona mwenye shamba. Mzungu wa New York aliona wafu weusi wanaotembea. Picha ni moja.

Miaka 36 baadaye George Romero aliigeuza hadithi. Katika Night of the Living Dead ya mwaka 1968 wafu hawana bwana tena na sasa wanakula watu, na kundi la watu wasiojuana limejifungia katika nyumba ya shamba huko Pennsylvania. Anayewaongoza ni Ben, mtu mweusi, aliyechezwa na Duane Jones. Huvumilia usiku kucha, wenzake wote wakafa, akabaki yeye. Asubuhi linakuja kundi la wanamgambo wenye bunduki na mbwa, linaiona sura yake dirishani, linampiga risasi kwa kudhani ni mmoja wa wafu. Picha za mwisho ni za mnato, za ndoana na kuni, kama picha za gazeti. Martin Luther King alikuwa ameuawa mwezi wa Aprili mwaka huo.

Wasomaji wa Visiwani hawana haja ya kwenda Pennsylvania kwa hilo. Mwaka 1995, popobawa alipotikisa Pemba na kisha Unguja, watu wakalala nje kwa makundi mbele ya moto, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu mjini, akidhaniwa ndiye popobawa. Usiku ule hapana jini aliyeua mtu. Kuna sauti zitakazosema kuwa hayo hayapaswi kuwekwa katika mazungumzo ya filamu, lakini Romero aliyaweka, na ndiyo sababu filamu yake haijazeeka. Hali kadhalika Frankenstein ya James Whale, ya mwaka 1931, yenye kundi lake la mienge. Humo mna kipande ambapo kiumbe kinacheza na msichana kando ya ziwa, wanarusha maua majini. Maua yanaelea, naye akamtupa mtoto akidhani ataelea pia. Wakaguzi wa Marekani walikikata kipande hicho kabla ya mtoto kutupwa, na kwa miaka mingi watazamaji waliona mikono tu inamwendea msichana, kisha baba anambeba maiti. Mkasi ulimfanya kiumbe awe mbaya kuliko alivyokuwa. Kipande kilirudishwa miaka ya 1980, na aliyeiona filamu katika umbo lake la zamani aitazame upya.

Mabenchi ya Arusha, hata hivyo, hayakutawaliwa na Whale wala Romero. Yalitawaliwa na Nigeria. Mwaka 1992 Kenneth Nnebue alitoa Living in Bondage, iliyoongozwa na Chris Obi Rapu, kwa lugha ya Kiigbo, moja kwa moja kwenye kanda ya video. Andy anataka utajiri, marafiki wanamwingiza katika chama cha siri, sharti ni damu ya ampendaye, naye anamtoa mkewe Merit. Utajiri unakuja. Merit naye anakuja, hamwachi, katika harusi na barabarani, hadi Andy anapotokwa na akili. Filamu za mfano huo zilimiminika Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, na zilifika mkoa ambao mchanga wake ulikuwa tayari. Mererani, kusini-mashariki ya Arusha, tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967. Vijana waitwao nyoka huingia mashimoni bila kujua kama watatoka, na kijana aliyelala njaa jana anaweza kuamka na gari. Utajiri wa namna hiyo huzaa minong'ono ya kafara popote ulipo. Filamu ya Nnebue ilikuja kuthibitisha kile ambacho benchi lilikwishakinong'ona.

Living in Bondage ni mwenza wa Rosemary's Baby, filamu ya Roman Polanski ya mwaka 1968, na zapendeza kutazamwa usiku mmoja. Moja ni ya Lagos na ya pesa kidogo, picha zake zinatetemeka. Nyingine ni ya New York na ya mafundi. Hadithi ni ile ile. Mume anataka kupanda cheo, majirani wana njia, na malipo ni mwili wa mke ambaye hakuulizwa. Katika zote mbili mchawi ni mtu wa pembeni. Wa kuogopwa ameketi mezani anakula chakula cha mkewe. Kasoro ya ile ya Lagos ni mwisho wake, unaomkabidhi Andy kwa mchungaji akapona haraka mno, kana kwamba Merit alikuwa maradhi.

Bongo nayo ikaitika. Mwaka 2003 Mussa Banzi alitoa Nsyuka, jina la Kinyakyusa la mfu aliyegeuka mzimu, na mwaka 2005 akatoa Shumileta, ya jini la kike. Mwaka 2009 ikatokea hata filamu ya Popobawa. Kwa viwango vya mafundi zina mapungufu mengi: pembe na meno ya dukani, sauti zinazopotea, damu nyekundu kuliko damu. Kuzicheka ni rahisi, na walizicheka hata walioziogopa. Lakini Nsyuka ilikuwa na ujasiri wa kuamini kuwa hofu inaweza kusema Kiswahili bila msimulizi kusimama katikati, na kwa hilo tu inastahili nafasi yake. Shida haikuwa pembe. Shida ilikuwa kwamba wengi waliofuata njia hiyo waliridhika na mganga mwenye kibuyu, kafara iliyoleta pesa kweli, na kamera iliyotua juu ya pesa muda mrefu kuliko juu ya aliyechinjwa.

Kwani nje ya kibanda mambo yalikuwa yameanza kutokea. Kuanzia mwaka 2007, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, kwa imani kuwa viungo hivyo vinaleta utajiri wa migodi na wa uvuvi. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo, Kahama, mahakama iliwahukumu kifo watu watatu. Kuzilaumu filamu kwa mauaji hayo ni kuzipa nguvu zisizokuwa nazo, kwani aliyeshika panga hakufundishwa na televisheni peke yake, na soko la viungo lilikuwa na wanunuzi wenye fedha ambao huenda hawakuketi benchini kamwe. Lakini filamu inayoonyesha kuwa kafara inalipa, halafu ikaweka toba dakika tano za mwisho, imekwishasema ilichotaka kusema. Jibu lake ni White Shadow, ya Noaz Deshe, iliyopigwa Tanzania na kushinda tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji katika tamasha la Venice mwaka 2013. Alias, kijana mwenye ualbino, aliyechezwa na Hamisi Bazili, anamwona baba yake akiuawa, kisha anapelekwa mjini ajifiche kwa mjomba. Hakuna jini wala kibuyu kinachomeremeta. Kuna watu wanaohesabu fedha. Katika zote zilizotajwa humu, hii ndiyo ngumu kuimaliza, na asiyejiweza aiache hadi siku nyingine.

Arusha ilikuwa na shahidi mwingine, na huyu hakuwa wa kubuni. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwezi wa Novemba 1994, ilikaa katika jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa mjini humo hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa mauaji ya kimbari. Na tarehe 3 Desemba 2003, mwaka ule ule wa Nsyuka, ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari dhidi ya Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 iliondoa baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, si yote. Redio hiyo iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Ilieleza kuwa wanakuja, kuwa wamejificha, kuwa wataua wasipouawa. Watu walipewa kwanza hofu ya jirani zao, na panga baadaye.

Si haki kuiweka filamu ya kibandani katika mzani mmoja na redio ile. Ila waliokuwa wakiingia vibandani na waliokuwa wakiingia mahakamani walipita barabara zile zile, na katika mji huo pasingeweza kusemwa kwa wepesi kuwa hofu ni mchezo. Raoul Peck, Mhaiti, aliliona hilo katika Sometimes in April ya mwaka 2005. Ndugu mmoja, Augustin, aliyechezwa na Idris Elba, amepoteza mke na watoto. Ndugu wa pili, Honoré, alikuwa mtangazaji wa redio ya chuki, na sasa yuko Arusha akisubiri kesi. Augustin anasafiri kwenda kumwona. Wapenzi wa vitisho hawaiweki katika rafu zao, kwa kuwa haina kiumbe. Waiweke.

Amebaki mumiani. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya uvumi wa wanyonya damu Afrika Mashariki na ya Kati, alikataa kuzicheka hadithi hizo, na akakataa pia kuuliza kama ni za kweli. Aliuliza zilikuwa zinasema nini. Mumiani, na wazimamoto wa Nairobi na Kampala, walikuwa na sare, na gari, na mshahara. Waliichukua damu ya masikini ikawatibu wengine. Ulaya ilimtengeneza mumiani wake bila kumjua jina, katika filamu ya Georges Franju ya mwaka 1960, Les Yeux sans visage. Daktari mashuhuri wa Paris, ambaye binti yake aliharibika uso kwa ajali, anateka wasichana na kuwavua nyuso zao ili amvalishe mwanawe. Upasuaji unaonyeshwa bila muziki, kwa utulivu, kama fundi anavyokata kitambaa. Binti mwenyewe hutembea nyumbani na barakoa nyeupe, nyuma yake mbwa wanalia. Hakuna filamu ya miaka ile iliyo nzuri na mbaya kiasi hicho kwa pamoja, na mzee yeyote wa Tanga au Mombasa angeielewa kabla ya msimulizi kufungua kinywa.

Mwaka 2017 mumiani huyo akatokea Marekani, katika Get Out ya Jordan Peele. Chris, kijana mweusi, anapelekwa na mpenzi wake Mzungu kwa wazazi wake, watu wakarimu, baba daktari wa upasuaji wa ubongo. Wanachokitaka kwake ni mwili wake wote, ili wengine waishi ndani yake. Aliyemcheza Chris ni Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London wa wazazi wa Kiganda. Peele alimwomba mtunzi Michael Abels sauti za mababu zinazomwonya kijana, na Abels akazitunga kwa Kiswahili, wimbo ukaitwa Sikiliza kwa Wahenga. Unasikika mwanzoni, miti ikipita dirishani mwa gari. Watazamaji wa New York na London waliusikia kama mnong'ono usioeleweka wenye kusisimua mwili. Chris naye hajui lugha hiyo, na safari inaendelea. Aliyeketi Ngarenaro, au Ng'ambo ya Unguja, anakuwa ameshaambiwa kila kitu, na hana la kufanya ila kumpigia kelele aliyemo ndani ya kioo akimbie.